Mtoto Anapopelekwa kwa Mwalimu wa Sauti

Barua ya mwezi huu imetoka kwa mama mmoja, nami sitalitaja jina lake wala mji wake. Anaandika ya kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kaswida katika chuo chao tangu alipokuwa na miaka 9. Siku za Maulidi watu wa mtaa walikuwa wakimngojea yeye, na baba yake alikuwa akikaa safu ya mbele, uso umemwangaza. Walakini tangu Ramadhani iliyopita sauti ya kijana imebadilika. Mara huwa nzito, mara huwa nyembamba, na katikati ya beti hukatika kama uzi. Baba ameona haya, naye ametafuta mwalimu wa kumfundisha mtoto peke yake nyumbani, amlipe, ili sauti ile irudi kabla ya Maulidi. Mtoto hataki, na tangu habari hiyo ilipoanza hasomi tena Kurani kwa sauti hata chumbani mwake. Mama anauliza: "Maalim, katika masomo ya namna hii kuna nini? Tutarajie nini, na je, sauti itarudi?"

Bibi mwenye barua, nimeisoma barua yako mara tatu, na sababu ya kuisoma mara tatu utaiona mbele. Kwanza niruhusu nijibu swali lako la kwanza, kwani wazazi wengi siku hizi wanauliza kama wewe, na vijana pia, wa kiume na wa kike, wanaopenda kujifunza kaswida au kuisoma Kurani kwa sauti nzuri.

Yafaa ijulikane ya kwamba kumtafutia mtu mwalimu wa sauti si jambo geni kwetu. Katika Sura ya Al-Muzzammil, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamuru Kurani isomwe kwa utaratibu. Na utaratibu haupatikani illa kwa kuketi mbele ya mwalimu na kumtazama kinywa chake. Mtume (s.a.w.) aliisikiliza usiku sauti ya sahaba wake Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) akisoma, akaisifu na kuilinganisha na vipaji vya sauti walivyopewa watu wa Nabii Daudi (a.s.). Basi sauti nzuri ni neema. Lakini katika Sura ya Luqman, aya ya 19, tumehimizwa kuishusha sauti, tusipige makelele. Kwa hiyo neema hii ina adabu zake. Habari ya ala za muziki wanavyuoni wamehitilafiana, na leo siingii katika mjadala huo. Maneno yangu ni juu ya sauti ya mwanadamu, jinsi inavyofundishwa na jinsi inavyoharibiwa.

Kwanza, habari ya mwalimu. Mwenye sauti nzuri si lazima awe mwalimu mzuri. Wako watu waliozaliwa na sauti tamu, hawakupata kujiuliza inatoka wapi, ukiwaambia wakufundishe watakwambia tu, "Fanya kama mimi." Mtafute yule ambaye naye aliketi mbele ya mwalimu, awezaye kukueleza kwa maneno mepesi kosa lako liko wapi, katika pumzi, katika koo, au katika ulimi. Kabla ya kulipa, omba usikilize somo moja la mwanafunzi mwingine. Ukiona mwanafunzi anakaza mishipa ya shingo na mwalimu anamwambia, "Ongeza, ongeza," ondoka. Na somo la mtu mmoja lisiwe katika chumba kilichofungwa. Mlango uwe wazi, na mzazi au ndugu mkubwa awe karibu. Binti afundishwe na mwanamke mwenziwe ikipatikana, na isipopatikana asiachwe peke yake. Hili si kumdhania mwalimu vibaya. Ni kumlinda mtoto na kumlinda mwalimu pia.

Mapatano yafanywe mapema. Ulizeni somo ni la muda gani, ni mara ngapi kwa juma, malipo ni kwa somo au kwa mwezi, na siku akikosa kuja mwalimu au mwanafunzi itakuwaje. Watu wetu huona haya kuulizana mambo ya fedha mwanzoni, kisha hugombana mwishoni. Kwa mtoto somo la nusu saa latosha, na mara moja kwa juma si haba, maadamu katika siku zilizobaki anafanya mazoezi nyumbani.

Sasa siku ya kwanza. Hapa nitasema yaliyonipata mimi mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 40, nami nimekwisha kufundisha chuo miaka mingi, nilikwenda kwa sheikh mmoja mjuzi wa kisomo ili anirekebishe sauti. Nilikwenda nimejitayarisha. Nilikuwa nimechagua sura ndefu, na moyoni nikidhani nitamstaajabisha. Hakunipa nafasi. Aliniuliza kwanza kama ninavuta sigara, kama koo huniuma nikisha kufundisha, kama napwewa na sauti mara kwa mara. Kisha akaniambia nisimame wima, nilegeze mabega, nivute pumzi. Nikainua kifua kama askari. Akacheka kidogo, akanionyesha pale chini ya mbavu, akasema pumzi ya msomaji huanzia pale. Halafu akanitaka nitoe sauti moja tu, "aa", polepole, bila ya kuitetemesha, mpaka pumzi iishe. Mwisho akaniambia nisome Alhamdu. Saa nzima hatukumaliza aya saba. Kila herufi ya koo alinisimamisha. Nilirudi nyumbani jasho linanitoka, na kwa siku mbili niliona haya kuwasomesha watoto.

Basi nawaambia wazazi na vijana: siku ya kwanza msitarajie kuimba. Mwalimu mwema atasikiliza kuliko atakavyosema. Atatafuta sauti ya mwanafunzi inaanzia wapi chini na inaishia wapi juu, ili asimpe kaswida iliyo nje ya uwezo wake. Atamtazama anavyosimama, anavyofungua kinywa, anavyopumua. Huenda akampa mazoezi yanayofanana na mchezo wa watoto: kuvuma midomo imefungwa, kutetemesha midomo kama mtoto achezaye gari, kupanda na kushuka kwa sauti moja kama king'ora. Mwanafunzi ataona haya. Na aone haya, kisha aendelee, kwa maana mazoezi hayo huilegeza sauti kabla ya kuibebesha mzigo.

Mtaniuliza, kwa nini pumzi kwanza? Kwa sababu sauti ni pumzi. Katika koromeo kuna mikunjo miwili midogo ya nyama laini, ambayo kwa aghalabu ya watu urefu wake haufiki inchi moja. Pumzi itokayo mapafuni hupita katikati yake na kuitikisa. Mwanamume anaposema, hutikisika zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Mwanamke, mara 200 hivi. Koo, kinywa na pua ndivyo vinavyoikuza sauti hiyo na kuipa sura. Ule msuli utengao kifua na tumbo hushuka tunapovuta pumzi, ndiyo maana tumbo hutoka nje kidogo. Asiyejua kuitawala pumzi yake huilazimisha sauti kwa koo, na koo halikuumbwa kwa kazi hiyo. Ile mikunjo ikigonganishwa kwa nguvu siku baada ya siku, huota vijisugu kama mkono wa mpiga makasia, na sauti hukwaruza.

Kwa mwenye kusoma Kurani kuna jambo la pili, nalo ni herufi. Imamu Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, amezihesabu sehemu za kutokea herufi kuwa 17. Kooni pekee mna sehemu tatu, nazo hutoa herufi sita. Sisi Waswahili ndimi zetu hupenda kuzilainisha, hamza na 'ain zikawa kitu kimoja. Mwalimu akimshughulisha mtoto miezi miwili kwa herufi hizi kabla ya kumfundisha mahadhi yoyote, msimwone mvivu. Mahadhi, kama vile bayati, rasti, hijazi na saba, ni nguo. Tajwidi ndiyo mwili. Mahadhi yakimfanya msomaji airefushe herufi isiyo na madi au akate ghuna ili aipate sauti yake, amevaa nguo na kuuacha mwili nje. Tazameni mfano wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye mwaka 1961 alirekodi Kurani nzima kwa kisomo cha taratibu. Hakuna pambo kubwa katika kisomo kile, na watu wa dunia nzima bado wanajifunza kwacho, kwa kuwa kila herufi imepewa haki yake.

Jambo la tatu ni simu. Mwalimu huenda akawaambia mrekodi somo, nami naona ni vyema, maana mtoto akifika nyumbani hukumbuka nusu tu. Lakini mjue ya kwamba atakapoisikia sauti yake mwenyewe ataichukia. Atasema, "Huyu si mimi." Sababu yake ni hii: tunaposema, sauti yetu hutufikia kwa njia mbili, kwa hewa na kwa mifupa ya kichwa, na ile ya mifupa huifanya ionekane nzito zaidi. Katika simu mna ile ya hewa peke yake, ambayo ndiyo wanayoisikia wengine siku zote. Baada ya juma kadha atazoea. Ila rekodi hizo zibaki nyumbani. Zisitumwe kwa jamaa na marafiki. Anayejifunza kutembea haitiwi hadhira.

Jambo la nne ni subira. Miezi ya mwanzo sauti huweza kuonekana imekuwa mbaya kuliko kwanza, kwa sababu mwanafunzi ameacha njia yake ya zamani na ile mpya hajaishika. Wazazi wengi hapa ndipo wanapovunja masomo, wakidhani fedha imepotea. Mazoezi yawe mafupi ya kila siku. Robo saa asubuhi na robo saa jioni yashinda saa tatu za siku moja. Na kanuni moja isivunjwe: zoezi likileta maumivu ya koo, liachwe saa ile ile. Kuchoka ni halali, kuumia si halali.

Habari ya dawa, kila nyumba ina yake. Tangawizi na asali huliburudisha koo, sikatai. Lakini ijulikane ya kwamba tunachomeza hakipiti juu ya ile mikunjo ya sauti. Njia ya chakula ni mbali na njia ya pumzi, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo, la sivyo tungekabwa kila tulapo. Kwa hiyo hakuna kinywaji kinachoipangusa sauti. Kinachofaa ni maji ya kutosha mchana wote, usingizi, kuepukana na moshi wa sigara, na kunyamaza sauti inapokuwa mgonjwa. Mtu akipwewa na sauti zaidi ya majuma matatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, wala asiende kwa mwalimu.

Sasa, bibi, nije katika swali lako lenyewe, na kwa nini niliisoma barua yako mara tatu.

Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana, nilikuwa na mwanafunzi kama mwanao. Sauti yake ilikuwa maji ya kisima. Alipofika miaka 13 ikaanza kukatika. Nami sikutaka kulijua jambo hilo, kwa sababu chuo chetu kilikuwa kimealikwa Maulidi katika mtaa mwingine, na walimu wenzangu wote wangekuwapo. Nikamzidishia mazoezi asubuhi na jioni. Nikampa tangawizi. Aliponiambia, "Maalim, koo linaniuma," nikamjibu ya kuwa uvivu nao huuma. Usiku ule alianza vyema, kisha katika beti ya tatu sauti ikamkatika mbele ya watu wote, ikatoka kama mlio wa jogoo mchanga. Vijana wakacheka. Akajaribu tena, ikakatika tena. Hakuonekana chuoni juma lile, wala juma la pili, wala hakurudi tena. Leo ni mtu mzima mwenye watoto. Tukikutana hunipa shikamoo kwa adabu kamili. Lakini msikitini husimama safu ya nyuma, na akiombwa kuadhini hutikisa kichwa. Sikuwahi kumsikia akitoa sauti tena. Nimekwisha kumtaka radhi, naye alinisamehe kwa neno moja. Lakini kusamehewa hakukuirudisha ile sauti.

Kwa hiyo ninayosema sasa nayasema kwa ujuzi ulionigharimu, na ulimgharimu yeye zaidi. Sauti ya mwanao haikuharibika. Amebalehe, au yu karibu kubalehe. Koromeo lake linakua, ile mikunjo inarefuka na kunenepa, na ubongo wake bado unaitumia kama ile ya zamani, ndiyo sababu inamponyoka. Kwa wavulana wengi jambo hili huja baina ya miaka 12 na 15, na sauti hushuka kadiri ya ngazi nzima ya sauti nane. Wengine hutulia baada ya miezi, wengine huchukua mwaka au zaidi. Kwa wasichana pia sauti hushuka, ila kidogo tu, hata watu hawatambui. Basi swali la baba yake, "Je, itarudi?", jibu lake ni kwamba ile ya mtoto haitarudi, wala haikukusudiwa irudi. Itakuja nyingine, ya mwanamume, na hakuna ajuaye leo itakuwa ya namna gani. Mwalimu yeyote atakayekuahidi kuirudisha ile ya zamani kabla ya Maulidi, ama hajui kazi yake, ama anajua naye anataka fedha yenu.

Je, masomo yasiwepo? Hapana, yawepo mtoto akitaka, ila nia ibadilishwe. Mwalimu mwenye kuelewa atamfundisha katika muda huu kupumua, herufi, na kusoma kwa sauti ya chini iliyo nyepesi kwake, asimpandishe juu wala asimlazimishe chini. Maulidi ya mwaka huu asiongoze. Aitikie pamoja na wenziwe, au apige dufu, au akae amsikilize mtoto mdogo atakayeshika nafasi yake, na baba yake aketi karibu naye safu ile ile ya mbele. Nafasi ya baba usiku ule ina dawa kubwa kuliko ya mwalimu.

Na baba naye nina neno kwake, kwa heshima. Ndugu yangu, sauti ni amana, na mwenye amana huichukua atakapo. Sheikh Muhammad Rifat wa Misri ndiye aliyeifungua redio ya Kairo kwa kisomo cha Kurani mwaka 1934, na nchi nzima ikamsikiliza. Lakini katika miaka yake ya mwisho maradhi yalimnyima kusoma, mpaka alipofariki mwaka 1950. Ikiwa sauti kama ile iliazimwa tu, seuze ya watoto wetu? Tena msidhani ya kuwa mlango wa kujifunza unafungwa utotoni. Siti binti Saad alipohamia mjini Unguja mwaka 1911 alikuwa mwanamke mzima, mfinyanzi wa vyungu, na huko mjini ndiko alikofundishwa. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi, wa kwanza katika wanawake wa pwani yetu. Mwanao ana miaka 13. Muda anao mwingi, ikiwa hatutamfanya auogope.

Nawe kijana, kama mama yako atakusomea maneno haya: anza tena kusoma Kurani chumbani, kwa sauti yoyote itakayotoka. Ikikatika, meza mate, endelea na aya inayofuata. Yeye anayekusikiliza hacheki.

Na kama kuna mzazi au mwalimu mwenzangu anayesoma hapa, naye ana mtoto wa umri huu aliyepangiwa kusoma mbele za watu mwezi ujao, na mtoto huyo amekwisha kumwambia ya kuwa koo linamuuma, basi namwomba amsadiki.

Wabillahi taufiki.